Tangi Jipya la Saruji: Mwezi wa Kwanza

Ndugu mkulima wa Ngerenya, Tezo, Roka au Magarini, ukiisha kununua saruji, waya na mchanga, na fundi akiisha kupiga plasta ya mwisho ndani ya tangi lako la maji ya mvua, usidhani kazi imekwisha. Fundi amemaliza sehemu yake. Sasa yako inaanza. Tangi lile litadumu miaka mingi au litaanza kuvuja upesi kwa jinsi utakavyolitunza katika mwezi wa kwanza. Na fedha iliyoingia humo ni fedha ya korosho na mahindi, wala hairudi mara ya pili.

Kwanza elewa kwamba saruji haikauki kama udongo wa ukuta wa nyumba. Saruji hushikana kwa kunywa maji. Ikikosa maji katika siku za mwanzo, kazi ile hukatika katikati, na plasta hubaki unga uliogandamana tu. Hapa kwetu hatari hiyo ni kubwa wakati wa kaskazi, maana jua ni kali na upepo hauna mvua. Plasta iliyopigwa adhuhuri huweza kuwa na nyufa kabla ya magharibi. Mwambie fundi apige asubuhi mapema, au baada ya saa 10 alasiri, na tangi liwe na kivuli cha makuti juu yake.

Kesho yake asubuhi tia maji kidogo chini, kina cha kiganja kimoja, kisha tundika magunia yaliyolowa kwenye kuta, ndani na nje. Yalowanishe tena kila yanapotaka kukauka. Fanya hivyo siku 7 bila kuruka hata moja. Siku 14 ni bora zaidi. Ni kazi ya kuchosha, hasa kama maji yanaletwa kichwani kutoka kwenye bomba la mbali, na kwa kawaida wanaoyabeba ni akina mama. Lakini madebe machache kila siku ni nafuu kuliko kubomoa plasta na kuanza upya. Baada ya hapo ndipo tangi lijazwe polepole, kama sentimita 30 kwa siku, ili kuta zizoee uzito.

Wengine huona maji ya kwanza yana utelezi kama ya sabuni na ladha chungu, na ukungu mweupe umekaa chini. Hapo huanza maneno kwamba fundi alitia kitu kibaya. Sivyo. Saruji inaposhikana hutoa chokaa, na chokaa hiyo huyeyuka katika maji. Mafundi wanaojenga mabwawa ya kuogelea katika hoteli za Malindi na Watamu huliona jambo hilo kila wanapomaliza plasta mpya. Wao hupiga brashi kuta kila siku na kupima maji kwa karatasi inayogeuka rangi. Kipimo chenyewe huitwa pH: 7 ni maji yasiyoelemea upande wowote, na maji yaliyokaa katika saruji mbichi huweza kupita 11. Maji ya namna hiyo huwasha macho na ngozi, wala hayafai kunywewa na mtu, kuku wala mbuzi.

Maji ya mvua huzidisha jambo hili. Maji ya visima vyetu vya pwani yamepita katika mwamba wa matumbawe, nayo yamekwisha kushiba chokaa. Tazama utando mweupe ndani ya sufuria ya chai. Maji ya mvua hayana kitu, basi yana njaa, na yakiingia katika tangi jipya huanza kula chokaa ya plasta. Njaa hiyo haitaharibu tangi lililoshikana vema. Kadiri siku zipitavyo, chokaa iliyo juu hukutana na hewa na kugeuka ganda gumu, na maji hutulia. Lakini plasta iliyonyimwa maji siku za mwanzo ni laini, nayo italiwa kweli.

Ukienda kwenye magofu ya Gede, ambayo Bwana James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, utaona kwenye msikiti mkuu kisima na birika. Wajenzi wale walitumia chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, maana kiwanda cha saruji cha Bamburi hakikuanza kazi mpaka mwaka 1954. Chokaa ile ni ndugu wa hii inayotoka katika saruji yako.

Basi osha tangi. Tangi la duara lenye upana wa meta 3 na kimo cha meta 2 huchukua lita 14,000 hivi, na hapana mtu mwenye akili atakayemwaga maji kiasi hicho. Hakuna haja. Tia kina cha sentimita 20 tu, yaani lita 1,400, sugua kuta kwa brashi ngumu ya nyuzi (si ya waya), acha siku mbili tatu, kisha mwaga. Rudia mara ya pili. Lita 1,400 ni madebe 70, basi heri kungoja mvua za mwaka kuliko kuyabeba. Paa la mabati la meta 6 kwa 8 hutoa lita 48 kwa kila milimita ya mvua, nayo mvua mbili nzuri za mwanzo, ambazo hata hivyo zina vumbi na mavi ya ndege, zatosha kuosha paa na tangi pamoja. Paa la makuti lisiunganishwe na tangi hata kidogo. Maji yake ni mekundu na yananuka. Maji ya kisima yafaa kuoshea pia ikiwa hayana chumvi. Yenye chumvi huozesha waya ndani ya ukuta, sawasawa na mchanga wa baharini.

Maji ya kuoshea yamwage penye minazi mikubwa, mbali na miche. Wala usiache tangi tupu juani; acha kiganja cha maji chini daima.

Watu wa mabwawa hutia asidi ili kushusha kipimo. Wewe usitie. Asidi hula plasta mpya, na ikikutana na klorini hutoa hewa ya sumu. Karatasi za kupimia huuzwa panapouzwa dawa za mabwawa; kipimo kikiwa bado juu ya 8.5, osha tena.

Usiharakishe klorini pia. Katika maji yenye chokaa nyingi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, nawe utadhani umeua vijidudu kumbe bado. Kipimo kikishuka chini ya 8, chukua dawa ya klorini isiyo na manukato. Ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, tia mililita 60 kwa kila lita 1,000 za maji. Ikiwa asilimia 5, mililita 40. Koroga, ngoja nusu saa, ndipo unywe.

Ufa mwembamba kama unywele ukitoa unyevu, usikimbilie kuita fundi. Mara nyingi chokaa yenyewe huuziba katika majuma machache, mradi tangi lisikauke. Ufa unaoingia ukucha ndio wa kutengenezwa. Funika tundu la juu kwa kifuniko kizito asichoweza kukiinua mtoto, na kila njia ya maji uifunge wavu mwembamba, kwa kuwa mbu huanza kutaga siku zile zile unapofurahi kwamba tangi limejaa.