Helikopta za Kesho za Ulaya (2): Kasi, Macho na Vipuri

Wiki iliyopita tuliona jinsi nchi sita za NATO, zikiwamo Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, zilivyotia saini Juni 2022 kubuni kwa pamoja helikopta mpya ya kijeshi. Masharti ni mazito: ibebe askari 12 hadi 16, ifike kilomita 1,650 bila matangi ya ziada, mwendo usipungue kilomita 330 kwa saa, na bei isizidi euro milioni 35.

Sisi wa Custom hapa Juba, ambao mvua zikishika barabara hufungwa na angani zikabaki Mi-8 zenye asili ya mwaka 1961, tuna haki ya kuuliza: kasi yote hiyo ya nini? Kwetu kinachoua ni kutoona. Tarehe 30 Julai 2005 Dkt. John Garang, akiwa na majuma matatu tu katika umakamu wa kwanza wa rais wa Sudan, aliondoka Uganda kwa helikopta ya Rais Museveni, Mi-172, akielekea New Site, kusini mwa Sudan. Giza lilikuwa linaingia, hewa imechafuka, milima iko mbele. Ikaanguka, hakupona mtu. Agosti 2012 helikopta tatu za Uganda, Mi-24 zilizokuwa safarini kwenda Somalia, zikaangukia Mlima Kenya. Rubani asiyeuona mlima, kasi humfikisha hapo mapema zaidi.

Ndiyo maana mimi nautazama zaidi mradi wa ENGRT, wa teknolojia za helikopta zijazo, unaogharamiwa na Mfuko wa Ulinzi wa Ulaya. Humo Airbus na Leonardo, mahasimu wa soko, wanatafiti pamoja, na moja ya shabaha ni kuruka usiku na mchana katika hewa ya kila namna. Kamera ya joto huona gizani lakini ukungu mzito huishinda. Rada hupenya ukungu, ila picha yake ni hafifu. Kazi ni kompyuta kuziunganisha na ramani ya ardhi, rubani apate picha moja ya kuaminika.

Kutafiti pamoja ni rahisi kuliko kununua pamoja. NH90, iliyoruka mara ya kwanza 1995, ilianza kama helikopta moja ya Ulaya. Kila jeshi likadai lake, matoleo yakapita 20, vipuri vikawa adimu. Mwaka 2022 Norway ikatangaza kuzirudisha na kudai fedha zake. Ile bei ya euro milioni 35 itadumu mpaka siku nchi ya kwanza itakapotaka mlango wa peke yake.