Oili ya Pikapu: Yapasa Kumwagwa Baada ya Muda Gani?

Jioni hii twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa sura ni dogo, lakini limeziua injini nyingi. Oili ya pikapu yapasa kumwagwa na kutiwa nyingine baada ya muda gani, hasa ikiwa ni oili ile ya bei kubwa iitwayo sintetiki?

Huenda mtu akauliza, "Waalimu wana shauri gani na oili?" Jibu letu ni kwamba tumejifunza kwa hasara. Chuo chetu kina pikapu moja ya dizeli. Mchana huleta mahindi na kuni, na usiku mara nyingi hupeleka wagonjwa hospitali. Mwaka mmoja tulinunua oili ya sintetiki. Bei yake ilitushtua, tukajifariji kwa kusema kwamba kitu cha ghali hudumu. Tulikuwa tumesikia ya kuwa huko Marekani magari hukaa nayo mpaka kilomita 16,000, nasi tukaiandika hesabu hiyo katika daftari la chuo.

Dereva wetu, mzee aliyeizoea kazi yake, alituletea kijiti cha kupimia oili mara mbili, akasema, "Waalimu wangu, oili hii imekuwa nzito, tena imepungua. Gari hili linakula vumbi." Tulimjibu ya kuwa waundaji wa magari wanajua zaidi, na kumbe kitabu chao hatukukifungua hata siku moja. Kabla ya kutimia kilomita 14,000 injini ilianza kugonga kama nyundo. Fundi alipoifungua chini alikuta tope jeusi, na beringi zimelika. Tulilipa fedha ambazo zingalitosha kununua oili ya miaka mingi, na kwa majuma kadhaa wagonjwa walichukuliwa kwa machela.

Basi na tutazame kwanza oili hufanya kazi gani. Wengi hudhani kazi yake ni kulainisha tu. Ni kweli hulainisha, maana huweka utando mwembamba kati ya vyuma visigusane. Lakini pia huchukua joto la pistoni, huzuia kutu, na huosha masizi na kuyabeba ili yasigande. Tena ndani yake hutiwa dawa za kusafisha na za kuvunja ukali wa asidi inayotokana na moto wa injini. Dawa hizo hupungua kila siku gari liendapo, kama sabuni ipunguavyo mikononi mwa mfuaji. Zikiisha, oili yaweza kuonekana ipo tele, lakini nguvu zake zimekwisha.

Je, sintetiki ni nini? Oili ya kawaida hutoka katika mafuta yachimbwayo ardhini, nayo ina chembe za namna nyingi, nyingine nyepesi na nyingine nzito. Oili ya sintetiki hutengenezwa, au hubadilishwa sana, kwa ufundi wa kemia hata chembe zake zikawa karibu sawa. Wajerumani walitengeneza namna za oili hii katika vita vya 1939 hadi 1945, walipopungukiwa na mafuta. Na mwaka 1974 oili iitwayo Mobil 1 ilianza kuuzwa Marekani kwa ajili ya magari ya watu wote. Sifa zake ni za kweli: haiungui upesi kwa joto, wala haigandi upesi kwa baridi. Kwa hiyo huweza kukaa zaidi ya oili ya kawaida.

Lakini hapa ndipo tulipopotea sisi. Sintetiki hushinda joto, haishindi uchafu. Vumbi lipenyalo katika filta ya hewa iliyochoka husaga vyuma vile vile, hata oili ikiwa ya bei gani. Masizi ya dizeli huingia vile vile. Na gari liendalo safari fupi fupi, likazimwa kabla ya kupata moto, hukusanya maji na mafuta mabichi ndani ya oili, wala hayapati nafasi ya kukauka.

Waundaji wa magari wanalijua jambo hili. Kampuni ya Toyota, katika maagizo yake kwa pikapu za petroli ziuzwazo Marekani na kutumia oili ya sintetiki ya 0W-20, husema oili ibadilishwe kila maili 10,000, yaani kilomita 16,000, au kila miezi 12. Hiyo ndiyo habari tuliyoisikia sisi. Lakini maagizo yayo hayo husema kwamba gari likienda katika njia za vumbi, au likivuta mizigo mizito, muda huo ukatwe nusu: maili 5,000, yaani kilomita 8,000, au miezi sita. Tulisikia sentensi ya kwanza, ya pili hatukuisikia. Na ya pili ndiyo iliyotuhusu.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kwanza, someni kitabu cha gari lenu, hasa ukurasa wa kazi ngumu, nanyi mfuate namba ya oili iliyoandikwa humo. Katika namba kama 5W-30, tarakimu itanguliayo herufi W huonyesha wepesi wa oili wakati wa baridi, na ile ifuatayo huonyesha uzito wake injini ikiwa na moto. Pili, ikiwa kitabu kimepotea, na pikapu huchukua mizigo katika njia za vumbi, badilisheni kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, lolote litakalotangulia. Mafundi wengi huku kwetu hushika hesabu hiyo ya 5,000, nayo ni salama hata kwa sintetiki.

Maneno "lolote litakalotangulia" yataka kufikiriwa. Tuseme pikapu ya kijiji huenda sokoni mara mbili kwa juma, kilomita 40 kwenda na 40 kurudi. Hizo ni kilomita 160 kwa juma, na katika majuma 26 ni 4,160 tu. Kwa gari hilo miezi sita hutangulia. Lakini pikapu ya biashara iendayo kilomita 120 kila siku, siku sita kwa juma, hufanya 720, nayo hutimiza 5,000 kabla ya juma la saba kwisha. Magari mawili, oili moja, na tarehe mbalimbali kabisa. Yafaa kilomita na tarehe ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa karibu na usukani.

Kila juma pimeni oili, gari likiwa mahali palipo sawa, injini imezimwa na kuachwa dakika kadhaa. Ikipungua, ongezeni, lakini msipite alama ya juu, kwani oili ikizidi hutoa povu na kushindwa kulainisha. Msitishwe na weusi peke yake, maana oili ya dizeli huwa nyeusi upesi. Bali ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Simamisheni gari, mwiteni fundi. Siku ya kumwaga, mwageni injini ikiwa na uvuguvugu, na filta ya oili ibadilishwe pia, maana filta chafu huichafua oili mpya siku ile ile.

Oili chafu isimwagwe mtoni wala karibu na kisima, kwani kidogo tu huharibu maji mengi. Tena ina sumu ya kudhuru ngozi na hata kuleta saratani. Mtu anawe mikono kwa sabuni, na watoto wasiichezee. Itiwe katika dumu lenye kifuniko na kupelekwa kwa fundi anayeikusanya.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliujenga ukuta, kwa fedha za chuo. Sasa daftari la gari analishika dereva wetu mwenyewe, na siku asemapo oili imechoka, hakuna mwalimu ambishiaye.