Fahamu: Mitishamba ya Kichina na uyabisi wa tumbo kwa wazee

Mzee wa Mpanda apatapo uyabisi wa tumbo, choo kikawa kigumu na haba kwa siku kadhaa, aghalabu hukumbuka ukwaju uliorowekwa, au majani ya sanamaki, kabla hajazisikia habari za tembe za Kichina ziitwazo Ma Zi Ren Wan, ambazo tangu karne nyingi hutengenezwa kwa dawa 6, mojawapo ikiwa mzizi wa da huang.

Mzizi huo ndio unaostahiki kutazamwa sana, kwa kuwa mna ndani yake dutu za jamii ile ile iliyomo katika sanamaki, zinazouchochea utumbo mpana usukume. Basi achanganyaye viwili hivi, akidhani kimoja ni cha kwetu na kingine cha ugenini, hakika amejizidishia dawa moja, na kuhara kukishtadi humpotezea maji na madini ya potasiamu, nayo ni hatari kubwa, naikazia, kwa mzee ambaye tayari anameza vidonge vya presha vya kuongeza mkojo.

Nchini Tanzania, Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lisajilialo waganga na dawa zao. Kwa hiyo mnunuzi wa Mpanda au Mlele ana haki ya kuuliza usajili kabla ya kutoa fedha. Ama damu katika choo, au kukonda pasipo sababu, hayo apelekewe daktari upesi.