Mama, Panda Baiskeli Bila Aibu

Akina mama wa Lufingo, wilayani Rungwe, wanaujua uzito wa mkungu wa ndizi kichwani. Wanajua pia nauli ya bodaboda inavyopanda njia ikiwa tope. Lakini ni wangapi wamewahi kusema nyumbani: "Baba watoto, hiyo baiskeli nami nitaipanda"? Wengi tumezoea kwamba ni ya baba na vijana wa kiume. Mama akiipanda, wapo watakaocheka.

Mpendwa msomaji, mwezi huu tuitazame tena baiskeli hiyo. Katika miji mingi duniani watu huipanda kwa makusudi, ili kudai hali ya hewa itunzwe.

Moshi na mvua

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa zaidi ya kilo mbili za hewa ya ukaa. Usishangae kwamba uzito huo unazidi ule wa petroli yenyewe, kwa maana moto huchukua oksijeni kutoka hewani. Hewa hiyo huifunika dunia kama blanketi, na joto huongezeka. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, hivyo mvua kubwa huweza kuwa kubwa zaidi. Kwetu Rungwe, ambako kuna sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na viazi hulimwa kwenye miteremko, mama ndiye huona udongo wa shamba lake ukienda na maji.

Ni kweli kwamba moshi mwingi umetoka nchi tajiri, si Lufingo. Deni hilo si la mama anayekwenda gulioni. Lakini barabara zinazojengwa leo ndizo watakazozitumia watoto wetu. Zikijengwa kwa ajili ya magari tu, mtoto atalazimika kununua petroli hata kwa safari fupi, au ahatarishe maisha yake.

Walianza na watoto

Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu wapatao 3,300 nchini Uholanzi, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Wazazi walichoka kuzika. Wakaingia barabarani pamoja na watoto wao, kudai njia salama. Mwaka 1973 mafuta yalipoadimika, serikali ilizuia magari siku za Jumapili, na watu wakaonja utulivu. Leo zaidi ya robo ya safari nchini humo hufanywa kwa baiskeli. Wazazi wale walitaka watoto wao wabaki hai. Hewa safi ikawa faida ya pili.

Hapa Afrika Mashariki, jiji la Kigali lilianza mwaka 2016 kufunga baadhi ya barabara siku maalumu ili watu watembee na kuendesha baiskeli. Dar es Salaam nako, umoja wa waendesha baiskeli uitwao UWABA umefanya misafara kudai njia zao.

Tuanzie wapi?

Tusidanganyane: milima ya Rungwe ni mikali. Kwenye mpando utaikokota, lakini keria itakuwa imebeba mzigo ambao shingo yako ingeubeba. Kabla ya kuteremka, kagua breki zote mbili. Chagua fremu ya kike, yenye kinga ya mnyororo, khanga isinaswe.

Kisha nendeni wawili au watatu, kwani anayecheka mmoja huona haya kucheka kundi. Kwenye mkutano wa kijiji, ombeni njia ya pembeni kwa waendao kwa miguu na baiskeli. Ombi la mama anayeitumia njia hiyo kila siku ni gumu kupuuzwa.

Na binti yako akiomba kujifunza, usimwambie ni mambo ya wavulana. Mshikie keria mpaka apate mizani, kisha umwachie.