Programu za bure zinavyoweza kuokoa nguvu za redio ndogo Ukambani

KITUO kidogo cha redio chaweza kuwa na mtambo mzuri na mlingoti mrefu, na bado kisisikike vyema kijiji cha pili. Aghalabu kasoro hupatikana pale kebo inapokutana na antena.

Mitambo mingi ya FM na kebo zake huundwa kwa impidansi ya omu 50, yaani kiasi cha ukinzani ambacho mkondo geugeu hukutana nacho. Antena ikiwa na kiwango tofauti, sehemu ya nguvu hurudi mtamboni, na ikizidi huuunguza.

Katika Kaunti za Kitui na Makueni, jambo hili si la wahandisi pekee. Wakulima wa huko hutegemea zaidi mvua za vuli, na utabiri wa hewa huwafikia kwa Kikamba redioni. Redio ya kijamii ya Mang'elete, iliyoanzishwa na vikundi vya akina mama huko Nthongoni, Makueni, ilianza kutangaza mwaka wa 2004 katika megahezi 89.1. Vituo vya aina hiyo havina fedha za kununua mtambo kila mwaka.

Chukulia kituo cha masafa hayo chenye mtambo wa wati 500 na antena mbili za omu 50. Zikiunganishwa sambamba moja kwa moja, jumla huwa omu 25 na takriban wati 56 hurudi. Dawa yake ni ya zamani: kila antena ipitie kipande cha kebo ya omu 75 chenye urefu wa robo ya wimbi. Jumla huwa omu 56.25, na nguvu inayorudi haifiki wati mbili.

Hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Robo ya wimbi hilo hewani ni sentimita 84, lakini ndani ya kebo ambamo wimbi husafiri kwa asilimia 66 ya kasi ya mwanga, ni sentimita 55.5. Akikata kwa kipimo cha hewani, wati 31 hivi zitaendelea kurudi.

Zamani hesabu hizo zilifanywa kwa penseli juu ya chati ya mviringo aliyoichapisha Phillip Smith, mhandisi wa maabara za Bell nchini Marekani, mwaka wa 1939. Programu ya SimSmith, ambayo ni ya bure, huileta chati hiyo kwenye kompyuta. Fundi akibadilisha urefu wa kebo huona matokeo papo hapo. Qucs, pia ya bure, ina mapana zaidi, ila kila badiliko hudai hesabu ianzishwe upya. LTspice ilikusudiwa saketi za kawaida. Ama ADS ya kampuni ya Keysight, hiyo ni ya viwanda. Kwa kituo cha kijiji ni sawa na kukodi trekta kulima bustani ya sukuma wiki.

Hata hivyo, SimSmith haiijui antena iliyo mlingotini. Huamini tarakimu inayopewa. 4nec2 na EZNEC, iliyouzwa kwa miaka mingi hadi ikatolewa bure mwaka wa 2022, hukadiria tarakimu hiyo kutokana na vipimo vya antena. Lakini bomba moja la mlingoti likisahauliwa mchoroni, jibu hupotoka.

Kwa hivyo afadhali kupima. NanoVNA, kifaa kinachotosha kiganjani, huhifadhi vipimo katika faili ambayo SimSmith huisoma. Kipimo kichukuliwe antena ikiwa mahali pake juu, mtambo ukiwa umezimwa na kebo yake kuchomolewa, kwani kifaa hicho hakistahimili nguvu za mtambo.