Mnara wa simu, eksirei na jua la Kabanga

Hofu ya mionzi imefika Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, kwa njia nyingi. Imekuja na minara ya simu iliyosimikwa vilimani, mingine karibu kabisa na nyumba za watu. Imekuja na chumba cha eksirei hospitalini, chenye alama ya njano mlangoni na mtaalamu anayejificha nyuma ya ukuta kabla ya kubonyeza kitufe. Imekuja pia kwa maneno ya walio mbali. Maelfu ya wakimbizi wa Kongo walioishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, walihamishiwa Marekani baada ya mpango wa kuwapokea kwa wingi kuanza mwaka 2015. Waliobaki wamesikia kwa ndugu zao habari za mashine ya uwanja wa ndege inayomtaka msafiri asimame ndani yake, mikono juu, nayo imchungulie hadi chini ya nguo.

Je, mionzi ya vyombo hivi ina madhara? Jibu lipo na halihitaji kubahatisha. Lakini anayelifuata jibu hilo mpaka mwisho atafika mahali ambapo wengi hawakutazamia. Mionzi inayojeruhi watu kila siku katika nyanda hizi za Kasulu na Kibondo haitoki kwenye mnara wala kwenye skana. Inashuka na jua la mchana, na hakuna anayeikimbia.

Tuanze na tofauti ambayo bila kuijua kila kitu kitaonekana hatari kwa kiwango kilekile. Iko mionzi yenye nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Wataalamu wetu huiita mionzi ayonisha, na ndimo zilimo eksirei, miale ya gama na mionzi inayotoka anga za mbali. Ikipita mwilini inaweza kukata vinasaba ndani ya seli. Mwili hurekebisha sehemu kubwa ya uharibifu huo, lakini kosa likibaki, huenda likazaa saratani miaka mingi baadaye. Nyingine ni mionzi isiyoayonisha: mawimbi ya redio, ya simu, ya jiko la maikrowevu, pamoja na mwanga wa kawaida. Hii haina nguvu ya kukata vinasaba. Ikizidi sana, hupasha joto. Mpakani mwa makundi haya mawili umekaa urujuanimno wa jua. Haung'oi elektroni kama eksirei, ila unatosha kabisa kuharibu vinasaba vya seli za ngozi.

Sasa hiyo skana ya uwanja wa ndege. Aina ya kwanza kutumika ilirusha eksirei hafifu zilizogonga mwili na kurudi, na kipimo alichopata msafiri hakikuzidi takriban maikrosiveti 0.1. Peke yake namba hiyo haisemi kitu, kwa hiyo tuiweke karibu na nyingine. Kwa wastani wa dunia, binadamu hupokea milisiveti 2.4, yaani maikrosiveti 2,400, kwa mwaka kutoka kwenye udongo, hewa, chakula na anga, bila kugusa mashine yoyote. Gawanya kwa saa za mwaka, utaona kwamba kupita katika skana ile kulikuwa sawa na kuishi dakika ishirini na kidogo. Hata maharage yanayolimwa Kasulu, kama ndizi na viazi, yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu ina mionzi ya asili. Ile iliyomo mwilini mwetu hutupa karibu nusu ya maikrosiveti kila siku, zaidi ya skana hiyo, na hatuwezi kuishi bila potasiamu.

Pamoja na udogo huo, Umoja wa Ulaya ulizikataa skana za eksirei katika viwanja vyake mwezi Novemba 2011, kwa hoja kwamba hakuna haja ya kumpa mtu mionzi ayonisha, hata kiduchu, ikiwa ipo njia nyingine ya kumkagua. Marekani iliziondoa viwanjani kufikia katikati ya mwaka 2013, na huko sababu kubwa ilikuwa faragha, kwa kuwa picha zilionyesha umbo la mwili kupita kiasi. Naona Ulaya walifanya sawa. Kipimo kidogo si ruhusa ya kukitoa bila sababu. Skana wanazokutana nazo wasafiri leo hutumia mawimbi ya milimita, ndugu wa mawimbi ya simu, yanayoishia kwenye tabaka la juu la ngozi.

Cha kushangaza ni kwamba msafiri anayeihofia skana hupanda ndege bila wasiwasi, na huko juu, kilomita kumi au zaidi kutoka ardhini, hewa inayotukinga na mionzi ya anga ni nyembamba. Safari ya saa kumi inaweza kumpa maikrosiveti 30 hadi 50, mara mamia zaidi ya skana ya zamani. Hata hizo hazimfanyi msafiri wa kawaida kuwa mgonjwa. Ule mlango wa kukagua vyuma katika viwanja vidogo hutumia uga wa sumaku na hauna eksirei kabisa. Mashine ya mizigo ndiyo yenye eksirei, nazo hufungiwa ndani ya sanduku lenye kinga. Unga, dagaa au mawese yakipita humo hayabaki na mionzi yoyote. Mtoto tu ndiye asiwekwe kwenye mkanda wa mashine hiyo, hata kwa mzaha.

Picha ya kifua inahitaji maneno zaidi. Wakimbizi wa Nyarugusu waliopangiwa kwenda Marekani, wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, walitakiwa kupigwa picha hiyo kutafuta kifua kikuu. Kipimo chake ni takriban milisiveti 0.1, na kwa mashine za kisasa mara nyingi chini ya hapo: kama wiki mbili za mionzi ya asili. Upande wa pili wa mizani kuna ugonjwa ambao usipotibiwa huua karibu nusu ya wanaougua, na unaoenea upesi mahali ambapo familia hulala zimebanana, iwe kambini au katika nyumba ya vyumba viwili Kibondo mjini. Mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili anayekwepa eksirei kwa kuogopa mionzi anafanya hesabu iliyopinduka.

Hiyo haina maana kwamba eksirei ni kitu cha kuagizwa ovyo. Siti skani ya kifua hufika milisiveti 7 hivi, sawa na mionzi ya asili ya karibu miaka mitatu, na mgonjwa ana haki kamili ya kuuliza, "Daktari, picha hii itabadilisha nini katika matibabu yangu?" Mama mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, aseme kabla ya kuingia chumbani. Mtaalamu naye hujificha nyuma ya ukuta kwa sababu wewe unapiga picha moja, yeye anapiga kadhaa kila siku ya kazi, mwaka hadi mwaka. Tanzania inayo Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyopewa mamlaka na Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Kila mashine ya eksirei nchini, ya serikali, ya misheni au ya mtu binafsi, inapaswa kuwa na leseni ya Tume na kukaguliwa. Kuiulizia leseni hiyo si utovu wa adabu.

Turudi kwenye mnara. Mawimbi yake hayakati vinasaba, na nguvu yake hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo. Antena zake huelekeza mawimbi mbele, kuelekea upeo, kwa hiyo anayeishi chini yake hapati mawimbi mengi kuliko wengine kama anavyodhani. Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kuhusu simu yenyewe. Mnara ukiwa mbali, simu hulazimika kuongeza nguvu ili isikike, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde; mnara ukiwa karibu, hunong'ona. Kijiji kinachoukataa mnara kwa kuogopa mionzi, huku kila mtu ana simu sikioni akihangaika na mtandao wa mstari mmoja, kinapata mawimbi zaidi kichwani.

Wapo watakaosema kwamba Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi ya simu katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa. Ni kweli, ilikuwa Mei 2011, katika kundi la 2B, maana yake ushahidi ni mdogo na haujatosha. Katika kundi hilohilo shirika limeweka pia maji ya jani zima la mshubiri. Mwaka 2024 jopo lililoombwa na Shirika la Afya Duniani lilitoa mapitio ya tafiti 63 na halikuona kwamba matumizi ya simu yanaongeza saratani ya ubongo. Anayetaka tahadhari zaidi atumie spika au waya wa sikioni, haimgharimu chochote.

Shirika hilo la utafiti wa saratani lina kundi jingine, la kwanza, la vitu ambavyo hakuna tena shaka kwamba husababisha saratani. Mionzi ya jua imo. Umo pia urujuanimno wa kuchomelea vyuma.

Hapo kwenye kuchomelea nataka tusimame kidogo, kwa sababu ndiyo teknolojia ya kila siku yenye mionzi ya hatari kuliko zote mtaani. Pita Kasulu mjini au Kibondo mjini penye mafundi wa mageti na madirisha, utaona cheche za buluu zikiwaka kando ya barabara, watoto wamesimama wanatazama, na mara nyingi fundi mwenyewe amevaa miwani ya jua ya kawaida au amefumba jicho moja. Mwako ule hutoa urujuanimno mwingi kiasi cha kuunguza uso wa jicho kwa muda mfupi tu. Maumivu hayaji papo hapo. Huja baada ya saa kadhaa, usiku, macho yakiwasha kama yamemwagiwa mchanga, na mtu huamka akidhani amelogwa au ameambukizwa. Kinga ni kioo cheusi maalumu cha kuchomelea chenye namba 10 au zaidi, mikono iliyofunikwa, na pazia la turubai kuwakinga wapita njia. Bei ya kioo hicho ni ndogo mno kulinganisha na jicho.

Na sasa jua lenyewe. Kasulu na Kibondo ziko kati ya nyuzi tatu na tano kusini mwa Ikweta, na zimeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kila mita 1,000 za mwinuko huongeza urujuanimno kwa takriban asilimia 10. Kipimo cha mionzi ya jua mchana katika maeneo ya namna hii mara nyingi hupita 11, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka daraja la juu kabisa la hatari. Ubaridi wa nyanda za juu unatudanganya, kwa sababu urujuanimno hauna joto la kuhisiwa, na mawingu mepesi hayauzuii. Wengi wetu tunakingwa na melanini, rangi ya ngozi yetu, ingawa macho hayakingwi vivyo hivyo, na mtoto wa jicho huchangiwa na miaka ya kulima kichwa wazi.

Lakini yupo jirani asiye na melanini hiyo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wenye ualbino kwa idadi ya watu wake. Makadirio yanayotajwa zaidi ni mtu mmoja kati ya 1,400 hivi. Kasulu ina sababu yake ya kulijua hili. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoishtua nchi kuanzia mwaka 2007 hivi, Kabanga, huko Kasulu, ikawa moja ya shule zilizogeuzwa kimbilio, na watoto wakapelekwa huko kutoka vijijini, wengine na mama zao. Wakalindwa dhidi ya wenye mapanga. Jua likabaki nao uwanjani.

Jua hilo huanza kazi mapema. Ngozi ya mtoto mwenye ualbino huungua tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Huja madoa, magamba, midomo iliyopasuka, kisha vidonda. Dakta Jeff Luande na wenzake walieleza safari hiyo ya ngozi mwaka 1985, katika utafiti wao kuhusu Watanzania wenye ualbino, na tangu wakati huo madaktari wamezidi kushuhudia saratani ya ngozi ikiwakuta wakiwa bado vijana, katika umri wa kulea familia. Inaniuma kwamba jamii ilishtuka, kwa haki, kwa sababu ya mapanga, kisha ikayachukulia mauti haya mengine, ya polepole, kama majaliwa.

Kinga yake inajulikana na haihitaji mtambo. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, si kepi inayoacha masikio na shingo. Mikono mirefu na kitambaa kilichofumwa vizuri. Miwani. Kukaa kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Shambani, kwenda alfajiri na kurudi mapema. Losheni ya kukinga jua yenye namba 30 au zaidi, ipakwe mara kwa mara; mafuta ya mgando na mawese hung'arisha ngozi tu, hayazuii urujuanimno. Hapa nchini, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, mfamasia Mhispania Mafalda Soto alianzisha utengenezaji wa losheni ya Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino. Losheni hiyo inastahili kuonekana kwenye rafu ya kila zahanati, karibu na dawa za malaria, maana kwa mtu huyu nayo ni dawa ya kila siku. Walimu nao wana uwezo mkubwa kuliko wanavyojua: kuhamishia mstari wa asubuhi kivulini, kubadili saa za michezo na za kazi za bustani, na kumweka mtoto huyu dawati la mbele, maana uoni wake pia ni hafifu.

Kidonda cha ngozi kisichopona ndani ya mwezi mmoja, hasa usoni, sikioni, shingoni au kwenye mdomo, kipelekwe hospitali bila kusubiri mavuno. Wenye ngozi nyeusi wachunguze nyayo, ambako saratani ya ngozi hupenda kujificha kwetu. Kidonda kikiwa kidogo huondolewa kwa upasuaji mdogo wa ganzi ya sehemu, na mgonjwa hurudi nyumbani. Kikikua hadi kufika mfupani, mgonjwa atahitaji tibamionzi, ile ile mionzi ayonisha inayoogopwa, ikipigwa kwa mpango ili kuua saratani, na kwa hiyo itambidi aende mbali, kama hospitali ya Bugando, Mwanza, au taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kasulu, na akae huko kwa wiki kadhaa.