Mchoro Unaposema Yaliyokwama Mdomoni: Sanaa na Manusura wa Dhuluma Katika Taasisi

Mtoto anayedhulumiwa katika shule ya bweni au makao ya watoto hubeba mzigo wa aina yake. Anayemuumiza ndiye aliyepaswa kumlinda, na ndiye pia anayeamua atakula nini, atalala wapi na atarudi nyumbani lini. Ndiyo maana wengi hunyamaza, wengine hadi utu uzima.

Sanaa ni mojawapo ya njia ambazo washauri nasaha hutumia kuwasaidia manusura hao: kuchora, kufinyanga, kushona, kuimba au kuigiza.

Sanaa inasaidiaje?

Kumbukumbu ya tukio la kutisha mara nyingi huja kama picha, sauti, harufu au maumivu mwilini, si kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. Mtoto akiambiwa, "Hebu sema ilikuwaje," anaweza kukwama. Akipewa karatasi na penseli za rangi, yeye ndiye anayeamua achore nini, aache nini na amalize lini. Uwezo huo wa kuamua ndio alionyang'anywa, na kuurejesha ni sehemu ya kupona. Kipaji si sharti, na mchoro haupewi alama.

Sanaa kama utetezi

Nchini Kanada, zaidi ya watoto 150,000 wa jamii za asili walipelekwa katika shule za bweni zilizofadhiliwa na serikali na nyingi kuendeshwa na makanisa. Wengi walipigwa, walinajisiwa na kukatazwa kuzungumza lugha zao. Msanii Carey Newman, ambaye babake alipitia shule hizo, alikusanya zaidi ya vitu 800 vinavyohusiana na historia hiyo na kuviunganisha katika kazi moja kubwa, Witness Blanket, yaani Blanketi la Ushahidi. Mwaka wa 2019, yeye na Makumbusho ya Haki za Binadamu ya Kanada walikubaliana kuitunza kazi hiyo kwa pamoja, kwa kutambua kwamba hadithi zilizomo ni za manusura.

Funzo kwetu ni hili: kazi ya manusura huonyeshwa hadharani kwa idhini yake tu. Haitumiwi kuchangisha pesa wala kupamba hafla.

Mchoro ukikutia wasiwasi

Mchoro pekee hauthibitishi dhuluma. Rangi nyeusi au sura ya kutisha inaweza kuwa na maana nyingi. Lakini mtoto akianza kueleza jambo, fanya yafuatayo:

• Msikilize kwa utulivu. Mwambie, "Nieleze kuhusu mchoro wako." Usimtilie maneno mdomoni, na usimwahidi kwamba utaficha siri.

• Usipige picha ya mchoro na kuisambaza kwenye WhatsApp. Utambulisho wa mtoto lazima ulindwe.

• Usikubali suala hilo limalizwe kimyakimya na wasimamizi wa taasisi wala wazee. Piga simu bila malipo kwa nambari 116, au ripoti kwa afisa wa watoto, chifu au kituo cha polisi kilicho karibu.

• Ikiwa mtoto amenajisiwa, mfikishe hospitalini haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya HIV. Asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari, na nguo alizovaa zisifuliwe.

Sheria iko upande wa mtoto. Ibara ya 53 ya Katiba inampa haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na ukatili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku adhabu ya viboko na mateso ya kiakili shuleni.

Kwa wewe uliye mtu mzima na uliyepitia haya ukiwa mtoto, hujachelewa. Unaweza kupiga nambari 1195, bila malipo, au kuomba huduma ya ushauri nasaha katika hospitali ya umma. Si lazima uanze kwa maneno.